Mstari wa Moto Juu ya Barafu: Sanaa ya Milimani na Umma Wake

Mwaka 2014 mpigapicha Mwingereza Simon Norfolk, kwa ushirikiano na shirika la Project Pressure, alipanda Mlima Kenya akiwa na ramani za zamani za Barafu ya Lewis. Usiku alitembea na mwenge wa petroli akifuata ukingo ambao barafu hiyo iliufikia mwaka 1934, kisha ule wa 1963, hadi ya miaka ya karibu, huku lenzi ya kamera ikiachwa wazi kwa muda mrefu. Pichani mtembeaji haonekani. Unaonekana mstari wa moto ukipita juu ya mawe matupu, na barafu iliyobaki imejikunyata mbali nao.

Kwa mwanahistoria, thamani ya kazi hii ni tarehe. Mwamba uliovuliwa barafu hausemi ulivuliwa lini; mstari unasema. Tena umechorwa kwa petroli, nishati ile ile inayoongeza joto la dunia, na kejeli hiyo ilikusudiwa.

Rwenzori ina kumbukumbu ya namna nyingine: picha za Vittorio Sella, aliyeandamana na msafara wa Luigi Amedeo wa Abruzzi mwaka 1906. Wakati huo barafu ilienea zaidi ya kilomita za mraba 6. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Sella hakukusudia kuonya mtu. Ni sisi tuliozigeuza picha zake kuwa ushahidi.

Je, kazi hizi ni sanaa ya umma? Nasita kukubali. Moto wa Norfolk ulizimika usiku ule ule, na picha zikaenda magazetini na kwenye majumba ya maonyesho. Aishiye chini ya mlima hakuachiwa alama yoyote ya kusimama mbele yake.

Lugha nayo ina sehemu yake. Hapa Kabingo, katika makazi ya Nakivale ambako Kiswahili cha Wakongo husikika kila siku, barafu ni kitu cha jokofu; kuyeyuka ndiyo kawaida yake, wala hakumshtui mtu. Wakonzo wana neno nzururu kwa theluji ya mlimani, na jina la ufalme wao, Rwenzururu, limetokana nalo. Maelezo ya Kiswahili yakiandika “barafu inayeyuka” bila mwaka na bila jina la mahali, hayajasema kitu. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi, Julai 2022, maelezo ya namna hiyo yanapaswa kuwa kazi ya serikali pia, si ya wasanii pekee.

Hata hivyo, mstari wa Rwenzori usiletwe Nakivale kama ulivyo. Mto Rwizi, unaopita Mbarara, huanzia vilima vya Buhweju, si kwenye barafu. Alama za hapa zifuate ukingo wa mto huo na wa Ziwa Nakivale, kila moja na mwaka wake, kwa Kiswahili na Kinyankore.