Jua la Garissa halifuati dakika za Uingereza

Picha ya ayeeyo wangu iko moja tu, ile saizi ya pasipoti. Uso umekuwa kama kivuli, macho hata huyaoni. Miaka yote nilidhani imezeeka. Kumbe negativu ilikuwa kwa bahasha. Nikaiinua dirishani: uso wote umo! Kamera ilimwona vizuri. Aliyechapa ndiye alimfuta, kwa kuiacha kwa mwanga muda mrefu sana.

Na kwetu picha ya uso si mapambo. Mwaka 1989 serikali iliwachunguza Wasomali wa Kenya, ikawapa kadi ya waridi juu ya kitambulisho. Mtu alihitaji kuonekana ni yeye.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1842 Mwingereza John Herschel alivumbua sayanotaipu. Unapaka karatasi chumvi mbili za chuma, unalaza negativu juu, unaanika juani, unaosha kwa maji. Picha inatoka buluu. Karne hiyohiyo Zanzibar ilikuwa na studio kama ya A. C. Gomes, na picha za albumini za zama hizo zilichapwa kwa jua. Fundi alifungua nusu ya mgongo wa fremu, akachungulia, akafunga tena. Jicho lake ndilo lilikuwa saa.

Baadaye viwanda vikaleta vipimo vyao. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak iligawa kadi ya mwanamke mzungu, ikaitwa Shirley, maabara zipangie rangi kwa ngozi yake. Yaani yeye akitoka sawa, kazi imeisha. Sisi wengine je?

Mimi nikaamua kumchapa ayeeyo upya. Nikaskani negativu, nikaichapisha kubwa kwa karatasi ya plastiki. Kitabu cha Uingereza kikasema dakika 15. Saa sita mchana Garissa, karibu na ikweta, dakika 15 ilikuwa balaa: uso na mtandio vikawa buluu moja nzito. Yaani nilirudia kosa lilelile!

Basi nikakata kipande cha majaribio. Nikakifunika kwa kadibodi, nikawa nasogeza kila baada ya dakika 2. Usihukumu kabla ya kuosha, maana maji hupunguza rangi. Kikikauka ndiyo unasoma. Dakika 4, uso hafifu. Dakika 10, macho yamezama. Dakika 6, akaniangalia. Mikunjo ya mtandio mweusi ilipotea, lakini nilikuwa namtafuta yeye, si mtandio.

Hiyo 6 usiikariri. Saa kumi jioni jua limelegea, itabidi uongeze. Na kama maji yako ya kisima yana magadi, buluu itafifia, kwa hiyo kamulia ndimu kidogo.

Swali la dakika ngapi huja baada ya swali la unataka nani aonekane. Mama alipoiona picha hakuniuliza chochote kuhusu kemikali. Alisema tu, "Kumbe macho yako ni yake."