Uhuru wa muda: hakimu anaangalia nini mbele ya kumwachia mshtakiwa

Ndugu akikamatwa, familia nyingi humpigia mchungaji simu mbele ya kumtafuta avoka. Mama mmoja wa ushirika wetu alinijia alfajiri akiwa amekwisha kuuza mbuzi wawili. Pesa alimpa mtu aliyeahidi "kumtoa mtoto". Hakupewa karatasi yoyote. Kijana alitoka kweli, na nyumbani wakashukuru wakidhani maneno yamekwisha. Hakurudi tena kujibu wito, na baada ya miezi miwili akakamatwa upya. Ndiyo sababu naandika haya.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 17, inasema kwamba uhuru ndio kanuni na kufungwa ni jambo la pekee. Polisi hawana haki ya kumshika mtu zaidi ya saa 48. Kisha anaachiwa au anapelekwa parketi. Mwendesha mashtaka akitoa hati ya kumkamata kwa muda, anapaswa kumfikisha mbele ya hakimu ndani ya siku tano, bila kuhesabu siku za safari.

Mbele ya hakimu wa mahakama ya amani hakuna watu wa kusikiliza. Kikao ni cha faragha, na wanaosikilizwa ni mwendesha mashtaka, mshtakiwa na avoka wake. Hapo familia nyingi hukosea, kwa maana wanataka mtoto wao aeleze kwamba hana hatia. Siku hiyo hakimu hahukumu kosa. Anauliza kama kuna dalili nzito juu ya mtu huyu, na kama kosa lenyewe lina adhabu ya kifungo cha miezi sita au zaidi. Kwa kosa dogo kuliko hilo, mtu anaweza kufungwa ikiwa kuna hofu ya kutoroka, ikiwa hajulikani ni nani, au ikiwa usalama wa watu unadai hivyo kwa sababu nzito. Hakimu akikubali, amri yake inadumu siku 15, halafu inaweza kurefushwa mwezi kwa mwezi.

Lakini sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, ile ya tarehe 6 Agosti 1959, inamruhusu hakimu yuleyule kumwacha mshtakiwa nje, yaani liberté provisoire, *ikiwa mwenyewe ameomba*. Wengi hawaombi kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Basi swali linakuwa: huyu akitoka, atarudi? Hapo ndipo vinapofaa vitu ambavyo familia inaviona vidogo: karatasi ya makao kutoka kwa mkubwa wa kata, ushahidi wa kazi, cheti cha daktari kama ni mgonjwa, majina ya watoto anaowalisha. Barua ya mchungaji nayo inaweza kusema mtu huyu tunamjua na anakaa hapa. Isiseme zaidi ya hapo. Nimekataa mara kadhaa kuandika kwamba fulani hawezi kuiba, mimi sikuwapo.

Pia mshtakiwa hapaswi kuzuia uchunguzi wala kuleta fujo kwa mwenendo wake. Anayewatisha mashahidi anajifungia mlango mwenyewe. Hakimu anaweza kumwamuru akae katika mji fulani, asifike stesheni au bandarini, au ajionyeshe kwa magistra kila baada ya siku kadhaa.

Pesa ya dhamana, caution, inawekwa mikononi mwa karani wa mahakama, na familia idai risiti. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mtu atafika kila anapoitwa, na kwamba atatumikia kifungo akihukumiwa. Haimnunui mtu, wala haifungi kesi. Hakimu akikataa, rufaa ina saa 24 tu tangu mshtakiwa apewe habari ya amri hiyo. Avoka asingojee Jumapili ipite.

Upande wa walioumizwa nao wanahitaji kuelezwa. Wakimwona mshtakiwa sokoni, wanasema hakimu amekula rushwa, na vijana wanaanza kutafuta mapanga. Mzee wa kanisa anayejua kwamba kesi ingali wazi anaweza kwenda kwao jioni ileile na kuwaonyesha tarehe ya kikao kinachofuata.