Mafuta ya gurudumu la chukudu

Munigi – Tangu miaka ya 1970, chukudu hupita hapa zikishuka kutoka Kibumba kwenda Goma na kabichi, viazi na makala. Goma imeijengea hata sanamu. Watu husifu mbao zake, lakini kazi kubwa inafanywa na gololi za chuma zilizofichwa katikati ya gurudumu. Vumbi la mawe ya Nyiragongo likiingia humo, mafuta hugeuka mchanga, gurudumu hulia. Fundi hulitoa, hupangusa uchafu wote, ndipo hupaka grisi mpya. Kuongeza juu ya ile chafu ni kuharibu. Mwaka 2022, vita vilipofika Kibumba, chukudu hizohizo zilishusha magodoro, sufuria na wazee hadi Kanyaruchinya.