Upana wa Risasi: Wawindaji wa Wapiti na Hoja Yao Ndefu

Leo twaendelea na historia ya vyombo vya kazi, na chombo chetu ni bunduki ya mwindaji. Sitasema habari ya bunduki ya vita, ila pale ambapo moja imezaa nyingine. Tutasafiri mpaka Marekani, kwenye milima ya magharibi ya nchi ile, kwa sababu huko swali moja limebishaniwa tangu enzi za magobore hata leo: risasi ipi yafaa kumwulia mnyama mkubwa papo hapo, asikimbie na jeraha?

Swali hilo si la mchezo. Mnyama aliyepigwa vibaya hukimbia, na huenda akafa siku ya tatu katika bonde ambalo hakuna mtu atakayepita. Nyama imepotea, mnyama ameteseka, na mwindaji atatafuta mwingine wa kuua. Wale kati yenu mliokulia karibu na pori mnajua maana ya kufuata matone ya damu majanini mpaka giza linaingia.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Wamarekani humwita elki, lakini jina lake jingine ni wapiti, neno la Washawnee, ambao ni mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa nchi ile. Maana yake ni mwenye matako meupe. Mimi nitasema wapiti, kwa kuwa ulimi wetu unalikubali neno hilo bila taabu, na tena kwa kuwa huko Ulaya jina la elki hupewa mnyama mwingine kabisa. Dume lake lina pembe zenye matawi, nazo huanguka kila mwaka na kuota upya. Pembe za swala na nyati wetu hazifanyi hivyo. Dume aliyekomaa huwa na uzito wa ratili 700 hivi, yaani kilo 320. Basi ni mzito kuliko nyumbu, lakini pofu dume humshinda. Ana mabega mapana na mifupa minene, na nyuma kidogo ya bega ndipo ulipo moyo na mapafu. Mahali hapo pana ukubwa kama wa sinia dogo. Mwalimu wa darasa achore sinia hilo ubaoni, maana tutalirudia.

Mwaka 1804 serikali ya Marekani iliwatuma maofisa wawili, Meriwether Lewis na William Clark, kutafuta njia ya kufika bahari ya magharibi. Walipofika pwani ile walijenga ngome, wakaiita Fort Clatsop, wakakaa humo majira ya baridi ya mwaka 1805 mpaka 1806. Hesabu waliyoiandika yasema kwamba katika miezi ile walipata wapiti 131. Nyama ilikuwa chakula, ngozi ilikuwa viatu na nguo. Bunduki zao zilikuwa za kujazia mdomoni, jamaa wa gobore la babu zetu: wamimina baruti, waingiza risasi ya mviringo, washindilia kwa ufito, walenga. Ukikosa, waanza tena, na mnyama hakungoji.

Hapa yafaa tueleze neno kaliba. Kaliba ya bunduki ni upana wa tundu la kasiba yake. Wanaochunguza asili ya maneno husema kwamba yaelekea Wazungu walilipata neno hilo kwa Waarabu, katika neno lile lile lililotupa sisi kalibu, yaani chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyuka ili yapate umbo. Na kweli mwindaji wa zamani aliyeyusha risasi yake mwenyewe motoni, akaimimina katika kalibu. Kaliba hupimwa hivi: gawanyeni inchi moja katika sehemu 100. Bunduki ya kaliba 45 ina tundu lenye upana wa sehemu 45 kati ya hizo 100, karibu nusu inchi.

Uzito nao hupimwa kwa punje. Si punje ya mtama, ni kipimo maalumu: punje 7,000 hufanya ratili moja.

Katika mji wa St. Louis, ndugu wawili wa ukoo wa Hawken, Jacob na Samuel, walijenga jina kwa kutengeneza bunduki za watu waliokwenda milimani. Nyingi zilikuwa na upana wa nusu inchi au kuzidi kidogo. Mbona pana hivyo? Sababu ni baruti. Baruti nyeusi ina mpaka wake: ukizidisha kipimo, moshi na masizi huzidi, na teke la bunduki huzidi, bali mwendo wa risasi hauongezeki sana. Tena risasi ya mviringo haiwezi kuongezwa uzito bila kuongezwa upana. Kwa hiyo aliyetaka nguvu alikuwa na njia moja tu, nayo ni kupanua tundu. Watu wakazoea kuamini kwamba risasi nene ndiyo yenye kuua, na mazoea hayo yalidumu hata baada ya sababu yake kuondoka.

Mwaka 1873 jeshi la Marekani lilipokea bunduki ya kujazia nyuma, yenye risasi ya ganda la shaba. Iliitwa 45-70: kaliba 45, na punje 70 za baruti nyeusi. Risasi yake ilikuwa ndefu, yenye punje 405, ikaenda futi 1,300 hivi kwa sekunde. Ikimpata wapiti mahali pake, alianguka. Ila risasi ya polepole huchoka njiani. Ukiipanga bunduki ile ipige sawa kwa yadi 100, ikifika yadi 200 imekwisha kuanguka zaidi ya futi moja na nusu. Aliyekosea kukisia umbali alivunja mguu au alipasua tumbo.

Miaka hiyo ya bunduki za ganda ndiyo iliyokaribia kummaliza wapiti. Waliuawa kwa nyama ya kuuza, kwa ngozi, na hata kwa meno mawili ya juu ambayo watu wa mjini waliyatundika kwenye mikufu ya saa. Aina ya mashariki ilitoweka kabisa karibu na mwaka 1880. Wakati karne ya 20 inaanza, wapiti waliobaki Marekani hawakufika laki moja, katika nchi ambayo hukadiriwa kuwa zamani ilikuwa na mamilioni yao. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ikakataza kusafirisha toka jimbo hata jimbo nyama iliyowindwa kinyume cha sheria, na mwaka 1912 yakatengwa malisho ya baridi ya wapiti huko Jackson, Wyoming. Leo hukadiriwa kuwa milioni moja hivi katika Marekani na Kanada. Tangu hapo mwindaji alipewa ruhusa ya mnyama mmoja, kwa majira maalumu, na ubishi wa kaliba ukapata uzito mpya: mwenye mnyama mmoja hana haki ya kumpoteza.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille aligundua baruti isiyo na moshi mwingi, yenye nguvu kubwa kupita ile nyeusi. Mambo yakageuka. Risasi nyembamba iliweza sasa kwenda mara mbili ya mwendo wa zamani, na mwendo una hesabu ya ajabu: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Uzito ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara mbili tu. Andikeni hayo, maana ubishi wote uliofuata umo ndani yake.

Mwaka 1906 jeshi la Marekani lilitoa risasi ya kaliba 30, iliyokuja kujulikana kwa tarakimu za mwaka wake, 30-06. Risasi ya punje 150 ilikwenda futi 2,700 kwa sekunde. Bunduki hiyo ilifika hata kwetu: Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais, alishuka Mombasa Aprili 1909 akiwa nayo, pamoja na Winchester ya kaliba 40 na ushei na bunduki nene ya Kiingereza yenye kasiba mbili. Mtu yule alikuwa amewinda wapiti katika miaka ya 1880 kwa bunduki ya baruti nyeusi, hivyo aliyaona mageuzi yote katika maisha yake.

Na katika miaka hiyo hiyo, Mskoti mmoja, Walter Bell, alikuwa Karamoja, Uganda, akiua tembo kwa risasi ya milimita 7, nyembamba kuliko ya Roosevelt. Aliua zaidi ya tembo elfu moja katika maisha yake. Simsifu kwa hilo. Hasara ile bado twaijua. Lakini yafaa kujua aliwezaje. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo ulipo kwa kila upande, na alitumia risasi ngumu isiyovunjika. Alijua mahali, basi unene haukumhusu. Mtu asiyejua mahali akimwiga hupata tembo mwenye hasira tu.

Mwaka 1925 kampuni ya Winchester ilitoa kaliba 27, ambayo huitwa 270, yenye risasi ya punje 130 tu iendayo karibu futi 3,100 kwa sekunde. Hapo ndipo moto ulipowaka. Jack O'Connor, aliyepata kufundisha uandishi wa magazeti katika chuo kikuu cha Arizona, aliandika kwa miaka mingi kwamba 270 yamtosha wapiti, kwa kuwa haipigi teke kali na mwindaji hulenga kwa utulivu. Elmer Keith, mfugaji na kiongozi wa wawindaji katika jimbo la Idaho, alimpinga kwa maneno makali. Yeye alitaka risasi ya punje 250, yenye upana wa theluthi moja ya inchi, ili hata mnyama akipigwa kwa pembe mbaya, risasi ipasue mifupa na kufika mapafuni. Na msidhani walikaa mbali: O'Connor alihamia Idaho hiyo hiyo mwaka 1948. Wasomaji wakagawanyika kama mashabiki wa mpira. Mwaka 1958 Winchester walitoa kaliba 338, iliyofanana sana na matakwa ya Keith, na ile 270 ikaendelea kununuliwa vilevile.

Kwa maoni yangu wote wawili walikuwa na haki nusu, na aliyewapatanisha alikuwa mwenye malori. John Nosler, mfanyabiashara wa malori wa Oregon, alikuwa Kanada mwaka 1946 akiwinda musi, jamaa mkubwa wa wapiti. Bunduki yake ilikuwa ya kaliba 30 yenye mwendo mkali. Alimpiga musi begani, kwenye ngozi iliyoganda tope, na risasi zikavunjika vipande juu juu bila kupenya. Mwendo mkali uliosifiwa sana ndio uliozivunja. Nosler akaenda nyumbani akatengeneza risasi yenye ganda la shaba na ukuta katikati: sehemu ya mbele hufunguka kama ua na kupanua jeraha, sehemu ya nyuma hubaki nzima na kusukuma ndani. Mwaka 1948 alianza kuiuza.

Tazameni sasa jinsi swali lilivyobadilika. Watu walikuwa wakiuliza, tundu la kasiba lina upana gani? Nosler aliuliza, risasi hufanya nini ikiisha kuingia katika mwili? Risasi njema ya kaliba 27 hufika kwenye sinia letu la ubaoni, na risasi mbaya ya kaliba 33 huweza kushindwa. Na mtu anayeogopa teke la bunduki yake hufumba macho anapofyatua. Huyo hata mzinga hautamsaidia. Ndiyo maana ile bunduki ya 1906 ingali mikononi mwa wawindaji wengi wa wapiti, mara nyingi kwa risasi ya punje 165 au 180. Haikuzidi upande wowote.

Sheria nayo imeweka mpaka wa chini. Katika Colorado, anayewinda wapiti hutakiwa kutumia kaliba isiyopungua 24, na risasi ya kufunguka isiyopungua punje 85.

Hoja ya karibuni haihusu upana wala mwendo, yahusu madini. Risasi ikivunjika ndani ya mnyama huacha chembe, na ndege wakila matumbo yaliyotupwa porini hupata sumu. Kondori wa Kalifonia, aina ya tai mkubwa alaye mizoga, walikuwa wamebaki 22 tu mwaka 1982, na sumu hiyo imeendelea kuwaua hata baada ya kuzalishwa na kurudishwa porini. Tangu Julai 1, 2019, Kalifonia imekataza risasi za madini hayo katika uwindaji wote, na wawindaji hutumia za shaba tupu. Kiswahili chetu kinaita madini na kitu chenyewe kwa jina moja, kwa hiyo inanibidi niseme kwamba huko risasi ya kuwindia haina risasi ndani yake.

Kabla hamjazima redio, hesabu moja. Fundi wa zamani alipata risasi 32 za mviringo kutoka ratili moja ya madini. Kila moja ilikuwa na punje ngapi? Mkiisha kupata jibu, lilinganisheni na punje 130 za O'Connor na punje 250 za Keith, mwone fundi yule angekaa upande wa nani.