Gitaa la Ng'ambo ya Kisiwa

Ukitajwa muziki wa kale wa Mombasa, kisiwa hupewa taarabu, na gitaa huhesabiwa mgeni aliyeingia na santuri za Kongo. Hilo la gitaa halisimami. Albamu ya Fundi Konde, mpiga gitaa wa Pwani, iliyotoka 1994 imekusanya nyimbo alizorekodi kati ya 1947 na 1956. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, anayetajwa sana kuwa mwalimu wa wapiga gitaa wetu, alirekodiwa na Hugh Tracey 1952, wakati Konde keshaanza kazi. Hata vidole vinatoa ushahidi. Bosco anadonoa uzi mmoja mmoja, gumba likishika sauti nzito na kidole cha shahada kikijibu juu. Konde anazipiga nyuzi kwa pamoja, akibadilisha sauti za kati kama afanyavyo mpigaji wa bendi ya dansi. Wako watakaosema kwamba rumba ni rumba, na kweli ladha zinakaribiana. Lakini tangu miaka ya 1930 santuri za Kuba za mfululizo wa GV zilikuwa zikishuka katika bandari za Afrika, mashariki na magharibi. Wawili waliochota kisima kimoja si lazima mmoja awe mwanafunzi wa mwenzake.

Mizizi ya karibu zaidi iko ng'ambo, upande wa bara. Pale Kisauni, katikati ya miaka ya 1870, wamisionari wa CMS walianzisha Freretown kuwa makao ya watumwa walioachwa huru, na pamoja na Biblia zikaja nyimbo za kanisani na tarumbeta. Konde, Mgiriama, hakuwa mtoto wa Freretown, ila naye alipitia shule ya misheni, kisha Vita vya Pili vya Dunia vikamchukua hadi India na Burma katika kikosi cha burudani cha jeshi la KAR (King's African Rifles). Miongoni mwa wanamuziki wa kikosi hicho walitoka Rhino Band, waliopiga kambi Mombasa baada ya vita. Freretown yenyewe ikamtoa Mzee Joseph Ngala, aliyeuchanganya muziki wa Wamijikenda na taarabu na jazi hata ukapatikana bango, ambao mpaka leo harusi nyingi za Pwani hazikamiliki bila huo.

Pingamizi zito ni hili: misheni na jeshi ni vya Mzungu, basi jadi iko wapi? Anayeuliza hivyo aitazame ngoma ya beni. Ilizaliwa Pwani kwa kuiga bendi za kijeshi, na Mombasa ikashindana kwayo, kundi la Kingi upande huu na la Scotchi upande ule. Leo hakuna anayethubutu kusema si ngoma yetu. Gitaa lastahili hukumu hiyohiyo. Konde alifariki mwaka 2000, na nyimbo nyingi za rika lake hazijanakiliwa upya. Aliye na santuri za miaka hiyo, awe Likoni au Changamwe, azitoe zinakiliwe kabla hazijavunjika.