Ardhi "Tupu" Ilikuwa na Wenyewe

Kila mwaka nifundishapo historia ya ardhi, huwauliza wanafunzi wangu: ardhi huwa tupu lini? Wengi hujibu kuwa ni pale isipokuwa na mtu. Hapo huwapeleka Nyanda Kuu za Marekani, mbuga zinazotanda kutoka Texas hadi Montana na kuingia Kanada.

Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyompa mlowezi ekari 160 za ardhi ya umma, kwa sharti la kuishi hapo na kulima kwa miaka mitano. Ardhi hiyo ilihesabiwa kuwa wazi, ilhali walikuwapo Walakota, Wacheyenne na mataifa mengine, pamoja na mamilioni ya baisoni, nyati wa Marekani. Kufikia mwisho wa miaka ya 1880 wenyeji walikuwa wamebanwa katika maeneo waliyotengewa, na baisoni wa porini wamebaki mamia tu.

Katika nyanda kame, ekari 160 hazikutosha kulisha familia. Ukame wa miaka ya 1930 ulipofika, udongo uliolimwa ulipeperuka na watu wakahama. Serikali ikaanza kuyanunua mashamba yaliyochakaa, mengi yakiwa yaligawiwa na serikali hiyo hiyo. Tangu mwaka 1960 sehemu ya ardhi hiyo ni mbuga za taifa, leo 20, zenye karibu ekari milioni 4, ambamo wafugaji huchunga kwa vibali.

Watu waliendelea kuhama. Mwaka 1987 wasomi Frank na Deborah Popper walipendekeza sehemu kubwa ya nyanda hizo irudishwe kuwa makao ya baisoni. Waliobaki walikasirika, kwani wao walikuwa bado wapo. Tangu mwaka 2004 shirika la American Prairie linanunua mashamba ya mifugo huko Montana kutoka kwa wanaotaka kuuza, pamoja na haki za malisho katika ardhi ya umma. Baisoni wamerudi, lakini wafugaji wengi wa jirani wanahofia jamii zao kufifia. Wenyeji wa Fort Belknap, kwa upande wao, wanafuga baisoni katika ardhi yao wenyewe.

Siupingi uhifadhi. Ninachohoji ni nani mwenye mamlaka ya kutamka kwamba ardhi ni tupu.

Swali hilo ni letu pia. Sheria yetu ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, inaihesabu ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika kuwa sehemu ya ardhi ya jumla. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huo huo, inapotafsiri ardhi ya jumla haina maneno hayo. Je, mfugaji aliyeyapumzisha malisho yake masika ili ayarudie kiangazi, ardhi yake haitumiki? Mtumishi wa umma atakayeshika kalamu kulijibu swali hili, kwanza aulize aliyekuwapo jana, na atakayerudi kesho.