Kanisa la Gondokoro lilienda wapi?

Ndugu zetu, leo tunaandika juu ya kanisa ambalo halipo. Ukisimama hapa Rejaf ukaangalia mto unavyoteremka kuelekea Juba na kupita, kanisa hilo lilikuwa huko chini, ng'ambo ya mashariki, mahali panapoitwa Gondokoro. Lilikuwa la matofali. Leo hakuna tofali hata moja, na jinsi yalivyoisha ni habari iliyotuchekesha kwanza, halafu ikatufanya tunyamaze.

Mwaka 1846 Papa Gregori wa 16 alianzisha vikariati ya Afrika ya Kati, eneo kubwa ajabu, makao yake Khartoum. Mwaka 1850 padri Mslovenia, Ignacij Knoblecher, akapanda mto hadi nchi ya Wabari. Mwitaliano Angelo Vinco ndiye aliyekaa kwanza kijijini na watu, akafariki Januari 1853. Mwaka huohuo misheni ya Gondokoro ikaanza.

Haikudumu. Homa iliwamaliza mapadri na mafundi mmoja baada ya mwingine. Knoblecher mwenyewe alifariki Naples mwaka 1858, hana hata miaka 40. Kufika 1860 kituo kimefungwa. Waliobatizwa walikuwa wachache sana, na hapo watu hupenda kusema eti Wabari walikuwa wagumu wa mioyo. Sisi hatukubali. Mto ule ule ulioleta mapadri ulileta pia wafanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Khartoum, na bunduki zao. Baadaye hawakutaka pembe tu, walitaka na watu. Sasa wewe uko ukingoni, unaona tanga linakuja. Utajuaje ndani kuna nani?

Mwaka 1871 akaja Samuel Baker, Mwingereza aliyetumwa na mtawala wa Misri, na jeshi lake. Akapandisha bendera Gondokoro, akapaita Ismailia. Ndiye aliyeandika kwamba hakukuta tofali juu ya tofali: wenyeji walikuwa wameyasaga yakawa unga mwekundu, wakachanganya na mafuta, wakajipaka mwilini. Yeye aliifanya mzaha. Lakini jamani, fikiria kidogo. Kujipaka rangi nyekundu ilikuwa desturi ya Wabari tangu zamani, na tofali ni udongo tu uliochomwa. Watu walichukua udongo wa nchi yao, wakaurudisha mwilini.

Kule Uingereza, vijijini, mambo ni tofauti kabisa. Kanisa la parokia laweza kubomolewa na kujengwa upya mara kadhaa, lakini kisima cha ubatizo, lile beseni la jiwe, kinabaki. Vingi vilichongwa miaka ya 1100, kwa hiyo ni vikongwe kuliko kuta zinazovizunguka. Mtoto anabatizwa palepale alipobatizwa babu wa babu yake. Huo ni utajiri wa watu ambao hawajakimbizwa.

Basi sisi tuna nini badala ya jiwe? Tuna kijana mmoja. Anaitwa Logwit-lo-Ladu, yaani Logwit wa Ladu, Mbari, jina lake la ubatizo Fransisko Saveri. Wamisionari walimpeleka mpaka Brixen, mji wa milimani Tirol, ambao leo uko Italia. Huko alikaa na padri msomi, Johannes Mitterrutzner, akamfundisha Kibari. Mwaka 1867 kikatoka kitabu cha lugha ya Wabari, na jina lililo juu ni la padri. Tunajua wenyewe kazi ya mkalimani ilivyo: unaongea kutwa nzima, karatasi inasainiwa na mwingine. Na huyu alikuwa mbali na kwao kuliko wengi wetu, bila simu, bila mtu wa kuongea naye lugha ya mama.

Miaka 61 baadaye, Aprili 1928, wakuu wa serikali na wa misheni walikutana hapahapa Rejaf kuamua lugha za kufundishia shule za Kusini. Kibari kikachaguliwa pamoja na nyingine kadhaa. Wakati huo Wakatoliki walikuwa wamesharudi, na misheni ya Wakomboni ilikuwa Rejaf. Mwaka 1964 serikali ya Khartoum ikawafukuza wamisionari wote wa kigeni huku Kusini. Makanisa yakabaki mikononi mwa makatekista na mapadri wazawa, halafu vita juu ya vita.

Kwa wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, hapa tunaomba msikilize. Wengi wetu tuliokulia Kakuma au Uganda, karatasi ya kwanza iliyotaja tarehe ya kuzaliwa na majina ya baba na mama ilikuwa kadi ya ubatizo. Haikutoka ofisi yoyote ya serikali. Mwenzetu mmoja alipeleka yake mahali fulani akaambiwa hiyo si kitu, ni karatasi ya kanisa. Lakini nyuma ya kadi ile kuna daftari, na kwenye daftari kuna namba, jina la padri na jina la msimamizi wa ubatizo. Mtu anaweza kufuatilia.

Kama nyumbani kuna kadi ya bibi au babu, hata imeliwa na mchwa nusu, ipige picha pande zote mbili leo. Picha ibaki kwako, usiitume kwenye grupu. Sisi tuandikie tu jina la parokia na mwaka.